Mihogo Si Babu Yetu

Kuna neno moja ambalo limekwisha kuwa kama sala katika mikutano yetu ya utamaduni: "Mababu walikulaga vizuri, ndiyo maana hawakujua sukari wala tansiyo." Mzee akilisema, ukumbi mzima unapiga makofi. Miye pia nimepiga makofi, na si mara moja. Leo ninataka makofi yangu yarudi, juu neno lile, namna tunavyolisema, linapeleka watu kaburini. Mzee wangu aliyelisema mara ya mwisho anisamehe. Ninamuheshimu kama baba na ninajua analisema kwa kupenda kwetu. Lakini kimya yangu imekwisha kuwa kubwa sana.

Tuanze na sahani yenyewe. Kwetu Bukavu, mutu akisema "chakula cha mababu", anawaza ugali wa muhogo, sombe, maharagi, na sambaza kama makuta iko. Sasa tuulizane: babu gani huyo? Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16, na ukapanda polepole kuelekea huku. Wakati wa Wabelgiji ulienea zaidi, kwa sababu serikali ililazimisha vijiji kuulima kama akiba ya njaa, na asiyelima aliadhibiwa. Maharagi haya tunayopika, mahindi, viazi vitamu, karanga, vyote vilitoka Amerika. Ndizi zilitoka Asia. Na sambaza ndiyo inachekesha kabisa: samaki hao hawakuwako katika ziwa Kivu. Walichukuliwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna bibi zetu ambao bado wako hai, na ambao walizaliwa mbele ya sambaza!

Mababu wa zamani kabisa walikula mtama, ulezi, kunde, maziwa kwa wenye ng'ombe, na majani ya pori. Nani kati yetu sisi tunaopiga makofi anapika ulezi leo, isipokuwa uji wa mtoto?

Sisemi hivyo ili kumdharau muhogo. Umetuokoa. Unavumilia udongo uliochoka, unakaa ndani ya ardhi kama benki mpaka siku ya shida, na katika miaka yote ya vita kuna familia ambazo hazingeona asubuhi bila yeye. Ninachokataa ni kumfanya babu. Wazee waliupokea muhogo kama mgeni, na mgeni wao walimchunguza. Wakaona kwamba ule mchungu una sumu, wakatafuta kazi ya kuitoa. Mila iko katika kazi ile. Mizizi peke yake haina mila yoyote. Panya naye anaikula.

Kazi yenyewe ni hii, niiandike juu kuna wasichana wenye diploma ambao hawaijui. Muhogo mchungu unamenywa, unaloekwa majini siku tatu au nne mpaka unalainika na kutoa harufu, kisha unaanikwa juani. Wengine wanaufunika kwanza rundo chini ya majani mpaka uote ukungu, wanakwangua ule ukungu, halafu wanaanika. Ndani ya muhogo kuna kitu ambacho, mzizi ukikatwa au ukivunjwa, kinageuka kuwa sianidi, sumu ileile inayotajwa katika hadithi za wapelelezi. Kuloweka kunaipa nafasi ya kutoka. Kuanika bila kuloweka kunabakiza sehemu kubwa ndani. Hata sombe ina sumu hiyo, na ndiyo maana mama anayejua anaitwanga sana kabla ya kupika, na anaitokosha muda mrefu bila haraka.

Sumu kidogo inayobaki, mwili una njia ya kuishinda. Unaigeuza kuwa kitu kingine kisichoua, kinaitwa tiosianati, na kinatoka na mkojo. Lakini ili kufanya hivyo mwili unahitaji salfa, na salfa hiyo unaipata katika protini: samaki, maharagi, mayai, nyama, maziwa. Sasa mumeelewa kwa nini ugali hauliwi peke yake? Watu wanafikiri kitoweo ni cha kuleta utamu tu. Kumbe kitoweo ndicho dawa ya ugali.

Na tukiacha kazi, inakuwaje? Jibu liko hapa hapa Kongo. Mwaka wa 1938 munganga mmoja Mwitalia, Giovanni Trolli, aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango ambao Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mutu analala muzima, anaamuka miguu yote miwili imekakamaa, na haitarudia tena namna ilivyokuwa. Ugonjwa unashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa miaka mingi watu walisema ni uchawi. Baadaye watafiti, kati yao Banea wa CEPLANUT kule Kinshasa na Hans Rosling kutoka Uswidi, walikwenda vijijini Bandundu na kuangalia namna wanawake wanavyotengeneza mihogo. Waliyoyaandika mwaka wa 1992 yanapaswa kusomwa katika kila chama cha utamaduni. Barabara ya Kinshasa ilikuwa imetengenezwa, wafanyabiashara walitaka mihogo haraka, na wanawake walikuwa wamepunguza kuloweka kutoka siku tatu hadi siku moja. Mihogo ilikuwa ileile na mto uleule. Zilikuwa zimepotea siku mbili tu. Na kwa sababu ya kuuza kila kitu mjini, kitoweo nacho kilikuwa kimepotea katika sahani zao.

Basi wale wanaosemaga "magonjwa yameletwa na chakula cha wazungu" waniambie: pale mzungu alikuwa wapi? Watu wale walikuwa wanakula "chakula cha mababu" asubuhi na jioni, na hakuna kingine.

Nirudi karibu na nyumbani. Wote tunakijua kisiwa cha Idjwi, na wazee wanakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo ambao kule ulikuwa wa kawaida mpaka watu waliuona kama pambo. Katika miaka ya 1960 waganga Wabelgiji, kati yao Delange na Ermans, walipima watu wa kisiwa. Kaskazini, karibu nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Ajabu ni kwamba iodi, ile madini ambayo tezi ya shingo inaihitaji, ilikuwa imepungua sehemu zote mbili sawasawa. Basi tofauti ilitoka wapi? Walitafuta, na njia ikawapeleka kwenye muhogo. Ile tiosianati niliyoisema, ikizidi katika damu, inaizuia iodi kuingia katika tezi. Iodi ikiwa nyingi, hakuna neno. Iodi ikiwa kidogo, tezi inavimba ikitafuta, na mama mwenye mimba anaweza kuzaa mtoto ambaye akili yake haitakua. Tezi hiyo ndiyo inayouambia mwili uwake moto kiasi gani, utumie chakula haraka au polepole. Kwa hiyo tusiseme ni maneno ya shingo tu. Mutu mzima anazimika kidogo kidogo: baridi, uchovu, ngozi kavu, uvivu ambao si uvivu.

Dawa ilikuwa nini? Hapa wenzangu wa mila wanaanza kukasirika. Dawa ilikuwa chumvi. Chumvi ya dukani yenye iodi, ambayo tangu miaka ya 1990 ilienea katika inchi yetu, ndiyo iliyoshusha rovu. Nimesikia kwa masikio yangu mutu mwenye masomo akisema chumvi hiyo ni mpango wa kutupunguza uzazi, na kwamba turudie chumvi ya majivu ya bibi. Miye ninamuomba huyo ndugu aende Idjwi aulize watu wa miaka sabini. Na wewe uliye nayo jikoni, uifunike. Ukiiacha wazi juu ya jiko, katika unyevu na moshi, iodi inatoroka, na unabaki kutia mbinguni chumvi ya bure.

Sasa niseme neno ambalo najua litaniletea maadui. Katika makabila mengi ya huku mwanamke alikatazwa mayai, alikatazwa kuku, na kipande kizuri cha nyama kilikuwa "cha baba". Tumeyaandika hayo katika vitabu vyetu kama mapambo: eti heshima, eti adabu ya meza. Rudia kusoma juu ya konzo hapo juu. Inashika nani? Wanawake na watoto. Nani alinyimwa ile salfa ya kuishinda sumu? Haohao. Nani alikuwa mtoni akiloweka, nani aliyebeba, nani aliyetwanga? Haohao. Kama kuna mila moja ambayo inastahili kuzikwa bila matanga, ni hiyo. Na isisemwe kwamba imekwisha kufa. Ingia katika nyumba yoyote ya kartiye yetu saa moja ya jioni, uangalie samaki inaelekea sahani ya nani.

Nije kwenye sukari, maana ndipo neno la mzee lilipoanzia.

Kwanza, nani aliwapima mababu? Hakukuwa na kipimo. Mutu alikuwa anakunywa maji mtungi mzima, anakojoa usiku kucha, anakonda, anakufa, na ndugu zake wanasema amepewa karuho. Mpaka leo wanasemaga hivyo! Mulimaji mwembamba kutoka kijijini akikonda na kushikwa na kiu, hakuna anayewaza sukari, juu sukari "ni ugonjwa wa matajiri wanene". Anapelekwa kutapishwa karuho, na siku zinakwenda. Lakini kuna sukari ya watu wembamba, hasa wale waliokosa chakula utotoni. Shirika la Afya la Dunia liliiweka katika orodha yake mwaka wa 1985, likaitoa mwaka wa 1999, na mwezi wa nne wa mwaka wa 2025 shirikisho la dunia la ugonjwa wa sukari, katika mkutano wa Bangkok, liliitambua tena na kuiita aina ya tano. Kuna waganga ambao zamani walishuku kwamba sumu ya muhogo nayo inaharibu kongosho. Ushahidi haukutosha, na sitaki mutu aniweke neno hilo mdomoni. Ila jambo moja ni wazi: ufukara wa sahani haumkingi mutu na sukari.

Pili, mgonjwa akiambiwa "acha sukari", anaacha kutia sukari katika chai na anaendelea na mlima wa ugali unaozidi kichwa chake. Ugali wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga tumboni unakuwa sukari. Protini ndani yake ni kidogo mno. Hakuna anayesema uachwe. Upunguzwe, na maharagi, lenga-lenga na sambaza viongezwe, yaani kitoweo kiwe kingi na ugali uwe wa kusindikiza. Kwetu tunafanya kinyume, na tunamsifu kijana "anayekula kama mwanaume".

Tatu, sisi wa utamaduni tunaimba mababu na mikono imeshika sucré. Tuwe wakweli. Leo ndoa bila sucré ni aibu, kilio bila sucré ni aibu, hata mkutano wa chama hiki unafungwa na katoni za sucré chini ya meza. Chupa moja ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo saba. Nani anaweza kutia vijiko saba katika kikombe kimoja cha chai bila mama yake kumpiga mkono? Na mawese, yale mekundu yenye kusaidia macho ya watoto, tunayachoma mpaka yanakuwa meupe kama ya duka, tunaunguza faida yote, kisha tunakwenda kununua vitamini katika chupa.

Chupa na poda, hapo ndipo ninapotaka kufikia.

Shangazi yangu alikuwa na sukari miaka kumi na moja. Alikuwa anajichoma insulini mwenyewe, asubuhi na jioni, na alikuwa anafundisha wengine namna ya kujichoma. Siku moja sokoni akamkuta muuzaji mwenye kipaza sauti na meza ya poda. Poda ya kijani, ya miti ya asili, dawa ya mababu, inasafisha damu, inamaliza sukari, tansiyo, ugumba, vidonda vya tumbo na minyoo. Bei yake ilizidi chakula cha wiki. Shangazi akanunua. Nilipomukuta nyumbani nikamuuliza: "Shangazi, sindano uliacha juu ya nini?" Akanijibu: "Mwanangu, nimechokaga kujitoboa kama nguo. Hii ni ya miti, haiko na mubaya. Si nyinyi wenyewe munasemaga mababu hawakuwa na sukari?"

Si nyinyi wenyewe. Nilikuwa na kitabu chetu mkononi siku ile, nilikuwa nimemletea asome.

Nilimubembeleza, nikaogopa kumkasirisha, nikaondoka. Baada ya wiki mbili akaanza kutapika, akapumua kwa nguvu, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita. Tulimfikisha hospitalini hajitambui, na hakuamka. Kwenye matanga yake tulikula ugali, tukanywa sucré, na mzee mmoja akasimama kutuliza watu kwa kusema kwamba zamani, wakati wa mababu, ugonjwa huu haukuwako.

Sisemi miti haina dawa. Kuna dawa nyingi za hospitali zilizoanzia kwenye mti. Majani ya moringa, ukiyapika kama mboga, ni chakula kizuri, ule tena na tena. Lakini jani halitafanya kazi ya insulini kwa mutu ambaye kongosho lake limechoka, na poda ambayo haina karatasi ya kueleza kilichomo si ya mababu wala ya watoto wao. Katika inchi nyingine wamepima poda kama hizi zinazouzwa "za asili tupu", wakakuta ndani zimechanganywa kwa siri na glibenklamidi, dawa ya kiwandani ya kushusha sukari. Mgonjwa anaona sukari imeshuka, anashangilia mti, kisha usiku mmoja inashuka kupita kiasi na anazimia. Basi muuzaji anakuuzia dawa ya mzungu, bila kipimo, ndani ya jina la babu yako. Na jina hilo nani alimpa? Sisi. Tumelipamba miaka yote hii, yeye amelichukua bure na kuliuza kwa kijiko.

Najua jibu ambalo nitapewa: mama wa leo hana nafasi. Ni kweli. Mto uko mbali, mihogo ikiachwa siku tatu majini wezi wanaichukua, wengine walikimbia mashamba yao na hawakurudi, na sokoni unanunua unga uliosagwa tayari, guigoz kwa guigoz, bila kujua uliloekwa siku ngapi. Sitamuhukumu mama huyo. Ila kuna njia ambayo imejaribiwa kwetu, kule Popokabaka, kuanzia mwaka wa 2010, na wanawake waliifuata wenyewe. Unachukua unga wa muhogo kabla ya kuupika, unautia maji mpaka unalowana wote, unautandaza juu ya mkeka au sinia, mwembamba usiozidi unene wa kidole kidogo, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki inatoka na hewa. Jioni unapika ugali wako kama siku zote. Haitaji makuta, haitaji mashini, haitaji muuzaji mwenye kipaza sauti. Watafiti waliofuata kijiji cha kwanza hawakuona konzo mpya.

Njia hiyo haikutoka kwa mababu. Ilifikiriwa na mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Australia, Howard Bradbury, pamoja na Wakongomani waliokuwa naye. Kwa hiyo tuifanye nini, tuikatae? Wazee wetu waliipokea mihogo ya Wareno na maharagi ya Amerika, wakavipa kazi na majina. Sambaza ya juzi tunaiita yetu. Sioni kwa nini saa mbili za jua zitushinde.

Kila mwaka, siku ya utamaduni, tunapandisha wasichana jukwaani na kinu na michi, wanacheza kutwanga, wageni wanapiga picha. Ndani ya kinu hakuna kitu. Ninapendekeza kwa komite kwamba mwaka huu kinu kisiwe kitupu. Mama mmoja wa Kabare na mmoja wa Idjwi waje siku nne mbele na mihogo yao, waloweke hapa hapa uani, watoto wa shule waje kunusa maji kila siku na kuuliza. Siku yenyewe wapike, na wanawake ndio watumikiwe samaki wa kwanza. Katoni za sucré zibaki kwa muuzaji. Karibu na mlango tuweke meza, muuguzi na kipimo cha sukari, na mzee wangu mpendwa ninamuomba awe wa kwanza kutoa kidole. Miye nitakuwa wa pili.